Nionyeshe Nilipokosea

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Jumapili, 3 Machi 2024

Mwanangu Sofia,

Nakujulia hali huko kwenye baridi. Hapa mimi nipo, cherehani ipo, na goti la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi; nimelizoea kama nilivyomzoea jirani yangu wa chumba cha pili na redio yake. Mama yako alipiga simu kutoka Masasi. Paa la jiko limeezekwa, na babu yako bado anagombania mpaka na jirani ambaye alikufa mwaka juzi. Wote wanakusalimu.

Sasa. Mama yako ameniambia matokeo yenu yalitoka tangu mwezi uliopita. Nilikupigia nikakuuliza, ukasema, "Poa, Mjomba." Nikauliza tena, ukasema mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa mzuri sana siku ile, nilimsikia mpaka mtu aliyekuwa anapiga mswaki nyuma yako. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu mtu anajibu poa hata kabla hajaulizwa. Karatasi haina haraka hiyo. Bahasha hii nampa kondakta wa basi, na wewe nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Unajua desturi yetu. Mtoto wa dada akijikwaa, anayeulizwa ni mjomba. Baba yako hataulizwa na mtu, nitaulizwa mimi. Basi nipe la kujibu.

Mjomba wako,
Nassibu


Bwenini, 17 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikaa ofisi ya basi siku nne, maana kondakta aliandika juu yake "Sofia wa udaktari" na hapa tupo watatu. Mwenzangu mmoja aliifungua, akasoma habari za goti lako, akaniletea na pole. Mfungo unaenda salama. Futari yetu ni uji na viazi. Ukitaja magimbi huku watu wanakuangalia. Mpe pole babu.

Nimefeli somo moja, Mjomba. Ni mtihani wa vitendo wa magonjwa ya watoto, tulioufanya Novemba. Matokeo yakabandikwa Februari: namba yangu ya usajili, na mbele yake arobaini na tatu. Kufaulu ni hamsini. Hakuna neno lingine lililoandikwa.

Nilikwenda ofisini. Karani akasema karatasi za watahini zimefungiwa kabatini, na mwalimu wa somo, Dk. Severa, ana wanafunzi mia mbili na wodi mbili. Akanishauri nisome kwa bidii. Nimekisoma kitabu kizima upya, kwa sababu sijui ni ukurasa gani ulioniangusha.

Agosti narudia. Sisi tunaita sapu. Nikishindwa sapu nadisko, yaani naondolewa chuoni, na miaka minne inaishia hapo. Fomu ya kurudia inajazwa mwisho wa Juni. Tafadhali usimwambie mama.

Hospitalini kazi inaenda vizuri. Wameanza kuniamini, hata wakiwa na haraka wananiachia watoto niwapime.

Ni mimi mwanao,
Sofia


Kariakoo, 1 Aprili 2024

Mwanangu Sofia,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa nimezungukwa na kanzu kumi na saba, na kila mwenye kanzu anaamini mwezi wa Idi utaandama kwa ajili yake peke yake. Mvua imeanza. Watu wa Jangwani wameshapandisha magodoro juu ya makabati. Mama yako sijamwambia kitu. Ameniuliza mara mbili, nami nimekuwa mtu wa mtandao kukatakata.

Hilo neno disko limenisumbua. Enzi zetu watu walilipa kiingilio.

Nikupe kisa ambacho hata mama yako hakijui. Nilipofika mjini nilikuwa nimejifunza kushona kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona tena. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna aliyenikataza. Nikapata nafasi ya kuweka cherehani barazani kwa Mama Ila, muuza vitambaa. Miaka miwili nikashona. Wateja wanakuja, wanachukua nguo, wanasema asante fundi, hawarudi. Nikadhani Kariakoo ni kubwa, ndiyo maana sioni sura moja mara mbili. Mteja wa hapa hakwambii kosa lako. Anahama tu.

Siku moja nikamshonea Mama Ila mwenyewe blauzi ya sari. Akaivaa, na saa moja haikupita akatoka nayo mwilini, akasimama mbele ya cherehani, akainua mkono. Akasema, "Fundi, tazama kwapa. Unaona inapovuta? Mkono wa kulia unaupachika nyuma mno." Akachukua chaki yangu akachora palepale juu ya blauzi mpya. Nikafumua siku ile ile, na tangu siku ile sijarudia. Lakini usiku wake sikufurahi, Sofia. Nilikuwa nawahesabu watu wote walioondoka na mkono wangu wa kulia.

Sasa nenda kwa huyo Dk. Severa. Usimuulize habari za alama. Mwalimu akiona swali la alama linakuja anafunga mlango, kama mimi ninavyowafungia wanaokuja kuuliza bei tu. Mpe chaki. Mwambie akuchoree.

Ukiogopa nitakuja mwenyewe, kama mjomba, na kanzu yangu na fimbo. Najua hulitaki hilo, ndiyo maana nalisema.

Mjomba wako wa barazani,
Nassibu


Bwenini, 5 Mei 2024

Shikamoo, Mjomba.

Idi ilikuwa njema, na shati ulilonitumia limenitosha, mikono yote miwili. Nisamehe kuchelewa. Kalamu niliishika mara nyingi, sikuwa na pa kuanzia.

Nilikwenda. Nilimkuta Dk. Severa anakula mkate amesimama. Kabla sijafika mezani akasema alama hazibadilishwi. Nikamwambia sikuja kwa alama.

"Nionyeshe nilipokosea, dokta. Hata kosa moja."

Akaacha kutafuna. Akaenda kufungua kabati mwenyewe. Kutafuta karatasi yangu na kunieleza, vyote viwili, vilichukua dakika tano. Nilizitazama kwenye saa ya ukutani, maana nilikuwa nimezisubiri miezi mitano.

Kosa ni hili. Kwenye mtihani tulionyeshwa video ya mtoto mdogo anayekohoa, tukaambiwa tuhesabu pumzi zake. Mimi nilihesabu robo dakika nikazidisha kwa nne. Nikapata arobaini na nne. Lakini mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio. Anavuta mbiombio, anatulia, anavuta tena. Ukimhesabu dakika nzima unapata hamsini na sita, na kwa umri ule, kuanzia hamsini ni dalili ya nimonia. Kwa hiyo mgonjwa nilimwita mzima, na maswali yote yaliyofuata nikayajibu vizuri sana kuhusu mtoto ambaye hakuwepo. Mtahini aliandika pembeni kwa penseli: Ahesabu dakika nzima. Maneno matatu, Mjomba. Yalilala kabatini tangu Novemba.

Nilikuwa nashukuru, tayari nainuka, Dk. Severa aliponiuliza taratibu, "Na hospitalini unahesabuje?"

Nikamfungulia daftari langu la wodini. Akakaa chini.

Tumepitia daftari langu na majalada kwa wiki tatu, yeye na mimi, kila jioni baada ya zamu. Tangu Novemba nimewahesabu watoto wengi, lakini wengi walihesabiwa tena na nesi au daktari. Kumi na mmoja ndio walioondoka na namba yangu peke yake. Kumi tumewapata, kwa simu au kwa miguu. Ni wazima.

Wa kumi na moja anaitwa Beno, alikuwa na miezi saba. Tarehe 23 Januari nilimwandikia arobaini na nane. Daktari wa zamu aliisoma namba yangu, akampa dawa ya kikohozi, wakaondoka. Mama yake ni Jacqueline, alikuja huku kuuza vitenge mnadani. Simu yake haipatikani. Kwenye jalada ameandika: Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni. Basi.

Ni mitaa michache kutoka kwako. Mtafute, Mjomba. Sina mwingine wa kumtuma.

Sofia


Kariakoo, 19 Mei 2024

Mwanangu Sofia,

Natumaini hujambo, na wenzako hawajambo, na Dk. Severa hajambo. Sisi hatujambo. Mvua hii haijapata kuonekana. Jangwani barabara ilifungwa, magari yakazungushwa, na mtu mmoja alipita hapa barazani amebeba kochi kichwani, akaniuliza kama najua chumba cha kupanga ghorofani. Mama Ila amehamishia majora yote rafu za juu, sasa akiuza kanga moja anapanda ngazi kama fundi umeme. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio ya jirani. Babu yako anaendelea. Mama yako anaendelea. Paa halivuji. Cherehani nimeipaka mafuta.

Kuhusu yule mama, nimeuliza Mkunguni. Sijampata. Watu wa vitenge wanahamahama.

Wewe soma. Sapu ndiyo kazi yako sasa.

Natumaini hujambo.
Nassibu


Bwenini, 15 Juni 2024

Mjomba, shikamoo, na heri ya Idi inayokuja.

Habari za hapa kwanza. Dk. Severa ameanza jambo jipya. Kila Ijumaa tunafanya mazoezi ya vitendo mbele yake, na kabla jua halijazama kila mtu anapewa karatasi yake: umefanya hivi, ungefanya hivi. Mara ya kwanza watu walinuna. Mmoja alisema tumegeuzwa chekechea. Sasa Ijumaa chumba hakitoshi, hata waliofaulu wanakuja. Amemwambia mkuu wa idara kwamba mtihani ambao majibu yake yanafika baada ya miezi mitatu bila maelezo ni sawa na kumpigia mtu simu kumwambia alipotea njia wakati ameshafika kwingine. Sijui mkuu alijibu nini. Kabati limeachwa wazi.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara nyingi. Ina mistari mingi ya mvua na mmoja wa Jacqueline. Umenijulia hali mara mbili, mwanzo na mwisho. Mjomba, wewe ukiona pindo la gauni tu unajua limeshonwa mtaa gani na nani kalishona. Mtu wa Mkunguni huwezi kumkosa wiki nzima.

Fomu ya kurudia mtihani mwisho wake ni tarehe 28. Ninayo mezani. Sitaijaza. Siwezi kuomba kupimwa tena juu ya mtoto wa kwenye video wakati sijui aliko mtoto wa kweli. Kama amekufa niambie amekufa. Kama hujamtafuta niambie hujamtafuta. Nikifukuzwa kwa kutojaza fomu, angalau nitajua nimefukuzwa kwa sababu gani.

Mwanao,
Sofia


Kariakoo, Ijumaa, 21 Juni 2024

Sofia,

Marahaba. Habari za nyumbani leo naziruka.

Nilimpata siku ya kwanza. Tarehe 10 Mei, saa nne asubuhi, mtu wa pili niliyemuuliza. Ana kibanda cha vitenge karibu na kona ya Mtaa wa Kongo. Barua niliyokuandikia tarehe 19 ilikuwa ya uongo, na leo ni siku ya arobaini na mbili.

Mtoto yu hai. Nimeanza na hilo ingawa si kwa mpangilio.

Walipotoka kwenu walikaa siku mbili mnadani, kisha wakapanda basi kurudi huku. Walipokaribia Morogoro midomo ya mtoto ilibadilika rangi. Abiria wakagombana na dereva mpaka akaingiza basi hospitali. Baadaye akaletwa Dar. Siku kumi na mbili amelazwa, saba kati ya hizo akiwa na oksijeni. Simu yake Jacqueline aliiuza siku zile, ndiyo maana hapatikani. Sasa Beno anasimama kwa kushika majora, na alinivua kofia.

Nilijitambulisha kwamba mimi ni mjomba wa yule msichana aliyempima. Jacqueline hakunifukuza. Aliendelea kukunja kitenge, akasema, na nakuandikia kama alivyosema:

"Nilimwambia yule dada, mwanangu mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Akaniambia, mama subiri kidogo, nahesabu. Alikuwa anaangalia saa. Akamaliza kuhesabu, akaandika, hakuniuliza tena nilikuwa nasema nini. Mwambie hivyo hivyo. Usimpunguzie."

Mimi si daktari, sijui mbavu kuingia ndani ni kitu gani. Lakini nilijua palepale kwamba hilo halimo kwenye penseli ya mtahini. Nililitia mfukoni, nikarudi barazani, nikakuandikia habari za mvua. Nilijiambia nasubiri ufanye mtihani kwanza, nisikutie simanzi. Nadhani karani wako naye alijiambia kitu cha namna hiyo alipokuwa anafunga kabati. Na mimi ndiye niliyekupa kisa cha Mama Ila na chaki yake, nikajiona fundi.

Siku moja nilishika kalamu nikapunguza maneno ya yule mama, nikaandika kwamba anakusalimu. Nikaichana.

Hayo ndiyo aliyosema, yote. Fomu ni yako. Sikwambii ujaze wala usijaze.

Nassibu


Bwenini, 25 Agosti 2024

Mjomba Nassibu, shikamoo.

Mama nimemwambia mwenyewe, kwa simu, na hatukusingizia mtandao. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama nakula. Baridi imepungua.

Barua yako ilinikuta tarehe 24 Juni. Siku mbili nilikuwa na hasira na wewe kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na kabati. Mbavu kuingia ndani ni dalili nzito, Mjomba. Mtoto mwenye hiyo hata usipomhesabu unajua hali yake si nzuri. Wiki sita hizo nilizokuwa sijui, nilikuwa nahesabu dakika nzima kwa utiifu mkubwa, macho kwenye saa, na mama wa mtoto anaongea pembeni. Siku uliyoniambia ndiyo siku niliyoacha. Nilimpelekea Dk. Severa maneno ya Jacqueline. Akayanakili, akayasoma Ijumaa mbele ya wote, bila jina langu. Nikasimama nikasema ni mimi.

Tarehe 26 nilijaza fomu.

Kwenye mtihani safari hii hakukuwa na video, alikuwepo mama na mtoto wake. Nikaweka saa mezani, nikamuuliza mama ameona nini, nikanyamaza mpaka akamaliza. Alikuwa na mengi. Kisha nikamfungua mtoto shati, nikatazama kifua, ndipo nikahesabu, dakika nzima. Kengele ikalia sijafika kwenye vipimo vya dawa, na hapo nikapoteza alama nyingi. Najua hivyo kwa sababu niliambiwa jioni ile ile.

Nimepata sitini na moja. Zile thelathini na tisa nilizokosa ninazo zote kwenye karatasi, moja moja, na naanza nazo kesho.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo, imefungwa. Ni ya Jacqueline. Kukusamehe nimekusamehe, lakini hiyo usiifungue, na usiikalie. Mpelekee siku utakayoipata.

Mwanao,
Sofia


Kariakoo, Alhamisi, 29 Agosti 2024

Mwanangu Sofia,

Barua imefika leo saa nne asubuhi. Nilikuwa napima suruali ya mtu. Nimemwacha amesimama barazani na pini mguu mmoja, Mama Ila akamhurumia akampa kiti. Saa nne na nusu nilikuwa Mkunguni.

Jacqueline aliisoma amesimama. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akaikunja, akaiingiza ndani ya pochi ya kiunoni, akamhudumia mteja aliyekuwa anasubiri, akapima, akakata, akamfungia. Mimi nilikaa kwenye kigoda. Sikumuuliza kitu; wewe umenifundisha kunyamaza mpaka mtu amalize.

Mteja alipoondoka akaniambia, "Mwambie nimesoma. Kusamehe bado."

Natamani kukuandikia kwamba alisema kwa upole. Hakusema kwa upole, wala kwa ukali. Alisema kama mtu anayemtajia fundi kipimo chake. Sasa ni saa sita. Basi la kwenu linaondoka saa saba, na barua hii naipeleka mwenyewe, kabla sijapata muda wa kuyalainisha.

Nassibu